Sentimita za Kabange

Gauni la Mbuyu lilimkaa sawasawa. La Kabange lilimteleza mabegani mpaka kwenye viwiko.

Ilikuwa Jumamosi asubuhi, jua limeshatoka, watu wanapita barabarani na ndoo zao. Ephraïm alikuwa amepiga magoti barazani na pini tatu mdomoni, mbele ya mabinti zake wawili wa miaka tisa waliokuwa wanajaribu magauni ya komunyo ya kwanza. Huyu Ephraïm ni fundi cherehani, miaka kumi na minane katika soko la Kalemie, na mapacha wake, mapasa kama tunavyowaita kwetu, walifanana mpaka kucha. Tangu wazaliwe alikuwa anampima mmoja na kukata mara mbili, na hakuwahi kukosea hata upana wa uzi.

"Papa Mapasa, umekosea kipimo," alisema mkewe Générose, amesimama mlangoni na mwiko mkononi.

"Sikukosea. Nilikata kitambaa juu ya kitambaa. Mukasi ulipita mara moja."

"Basi ni nini ile?"

Ephraïm alichukua utepe shingoni mwake akawapima wote wawili, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Kifua cha Mbuyu, sentimita sitini na mbili. Kifua cha Kabange, hamsini na nane. Akapima tena, mara hii akishika utepe polepole kama mgeni wa kazi. Hamsini na nane. Akawasimamisha mgongo kwa mgongo, na utosi wa Kabange ukaishia kwenye sikio la dada yake. Kabange mwenyewe aliona ni mchezo, akawa anazunguka ndani ya gauni kubwa huku anacheka.

"Juma iliyopita walikuwa sawa," alinong'ona Générose.

"Itakuwa homa. Homa inakausha mutoto. Nitapunguza pembeni, hakuna mutu ataona."

Wakati anasema hivyo, alisikia harufu ya kitambaa kilichoungua. Kila fundi anaijua harufu hiyo na kila fundi anairukia. Aligeuka haraka kutazama pasi yake ya makaa. Pasi ilikuwa baridi, haijawashwa tangu Jumatano.

Hakumwambia mkewe kitu. Lakini alijua, na alijua tangu utepe ulipoteremka chini ya sitini.

Karibu na bandari kuna nyumba ambayo wenyewe waliikimbia ziwa lilipopanda. Maji yaliporudi nyuma yaliacha mstari wa kijani katikati ya kuta, na bwana mmoja anayeitwa Josias akaingiza humo meza ndefu, taa moja na mapazia mazito, akapaita kazino. Wewe cheka tu, watu walipaita hivyo bila kucheka. Palifunguliwa saa sita mchana, soko linaposinzia kwa jua, mradi umeme wa bwawa la Bendera uwepo. Ukikatika, wachezaji walisubiri gizani, na hakuna aliyetoka.

Mchezo wenyewe ni mwepesi kuliko kufunga kamba za viatu. Unarusha dadu mbili. Nyuso zikifanana, wanasema umezaa mapasa, na vyote vilivyo mezani ni vyako. Zisipofanana, umeliwa.

Ephraïm aliingia mle mara ya kwanza kumpelekea mteja suruali. Wakamtania: papa mzima wa mapasa anaogopa mapasa ya mezani? Akakaa kidogo ili asionekane mwoga, na hapo ndipo ninapomlaumu, maana mtu anayekaa mahali kwa kuogopa kuitwa mwoga ameshaonyesha woga wake. Alipoteza siku hiyo. Akarudi kutafuta alichopoteza, akapoteza na kingine. Juma la pili aliweka mezani minerval ya watoto, ada yenyewe ya shule. Siku hiyo ndiyo aliyopaswa kuinuka. Kila mcheza dadu ana siku moja kama hiyo, anaiona kabisa inapita mbele yake, na anabaki amekaa.

Alikuwa na dadu kiganjani, jasho linamtoka, na bila kufikiri akapuliza ngumi yake na kuita kama anavyowaita uani chakula kikiiva: "Mbuyu! Kabange!"

Tatu na tatu.

"Umewapa majina," ilisema sauti upande wa pili wa meza. "Sasa watakusikia."

Alikuwa bwana mrefu mwenye koti la kijivu. Hakuna aliyesema alitoka wapi. Hakuwa anarusha, alikuwa anatazama tu, na alizungumza Kiswahili safi mno, kama cha redio. Ephraïm alilitazama lile koti kwa jicho la kazi, maana fundi hawezi kuona nguo asitafute ilipoanzia kushonwa. Alitafuta mshono wa bega hakuuona. Akatafuta wa kwapa, wa ubavu, wa ukosi. Koti halikuwa na mshono hata mmoja. Lilimfunika yule bwana kama ngozi inavyofunika mnyama. Ephraïm akajiambia ni kitambaa cha ng'ambo, akarusha tena, akashinda tena.

Kuanzia hapo hakurusha bila kuita majina ya watoto wake, na hakushindwa.

Ikaja Alhamisi. Alikuwa ameshinda mara nne, taa imeanza kupepesa, umeme unataka kwenda, na watu wanampigia kelele aharakishe. Akarusha kwa nguvu. Dadu moja ikatulia juu ya nne. Ya pili ikaruka ukingo wa meza ikaanguka chini, ikaviringika mpaka kwenye miguu ya yule bwana.

Bwana akainama, akaiokota, akaishika kwa vidole viwili.

"Kabange ameanguka," alisema kwa upole. "Nimchukue?"

Ephraïm hakumtazama hata usoni. Alikuwa anatazama taa.

"Chukua tu, bwana! Josias, leta ingine, mbio!"

Bwana akaitia ile dadu ndani ya koti, mahali ambapo hapakuwa na mfuko. Josias akaleta nyingine, Ephraïm akarusha. Nne na nne. Wakampiga mgongoni kwa furaha, na yeye akacheka nao.

Kwetu hakuna anayemwita pasa mmoja akamwacha wa pili. Ukimpa huyu ndizi, mwenzake apewe ndizi. Ukimsalimu huyu, umsalimu na yule, hata kama amelala. Ephraïm alikuwa anawakemea majirani kwa sababu ya sheria hiyo, na yeye ndiye aliyemtoa mtoto wake mkono kwa mkono ili asicheleweshwe.

Sasa, baada ya ile Jumamosi ya magauni, ungesema mtu angekimbia asionekane tena kule. Jumatatu saa sita alikuwa mezani. Alijiambia anakwenda kumrudisha Kabange. Yule bwana alikuwepo, akatabasamu. Ephraïm akarusha, akashinda. Alirudi nyumbani akampima mtoto kabla hajavua viatu: hamsini na sita. Jumanne alishinda mara mbili. Hamsini na tatu. Kila aliposhinda alifikiri ushindi unaofuata ndio utakaomfungua mtoto, na kila jioni alishona pembeni ya lile gauni jeupe, akilipunguza, huku Générose akimtazama bila kuuliza. Alikuwa hawezi kumtazama Kabange anapokula, maana mtoto alikuwa anakula vizuri, anamaliza sahani na kuomba tena, na bado alikuwa anakwisha.

Jumatano hakwenda. Alijilaza mchana kwenye mkeka, nyumba imetulia, mabati yanalia kwa jua, na ndipo aliposikia katika chumba cha watoto kile kisauti alichokijua kuliko sauti ya cherehani yake, kra, kra, kra, kikinyamaza kidogo, kikianza tena, kra, kra, kama mtu anayetikisa ngumi kabla ya kurusha lakini harushi, na harufu ya kitambaa kinachoungua ikawa inaingia kwa chini ya mlango, ikawa nzito mpaka macho yakamwasha, naye akainuka, akasogea kwa vidole vya miguu, akasukuma mlango mchana kweupe wa saa saba.

Mbuyu alikuwa amelala. Kabange alikuwa ameketi, mgongo umegusa ukuta, mikono yote miwili ameifunga ngumi moja, na ngumi ile ilikuwa inatikisika.

"Unashika nini, mama?" aliuliza, maana ndivyo tunavyowaita mabinti zetu.

"Sishiki kitu, Papa. Ananitikisa."

"Nani?"

"Ule mutu wa koti."

Akaifungua mikono ya mtoto, kidole kwa kidole. Haikuwa na kitu. Lakini kile kisauti hakikukoma. Ephraïm akainamisha sikio akitafuta kilikotoka, akalishusha polepole, begani, kwapani, mpaka akafika kwenye mbavu za binti yake, na kilikuwa humo ndani, kinagonga mfupa huku na mfupa huku.

Siku hiyo alimwambia Générose yote. Walikuwa jikoni, wananong'ona, sufuria inachemka bure.

"Ulimutoa," alisema Générose.

"Sikujua."

"Alhamisi haukujua. Jumatatu je? Jana je?"

"Nilienda kumurudisha."

"Ukamurudisha?"

"Nilishinda," alisema Ephraïm, akasikia mwenyewe ubaya wa lile neno.

Générose hakupiga kelele. Aliziba mdomo kwa kitenge chake akalia bila sauti, halafu akafuta uso, akatoka. Alirudi na Mama Domitille.

Mama Domitille amezaa mapasa mara tatu, na mtaa mzima ukipata mapasa yeye ndiye anayeitwa kuwaimbia. Asubuhi yuko misani, mchana yuko kwenye mambo ya mapasa, na haoni kama vinagombana. Aliwapaka watoto wote wawili pemba, ule udongo mweupe, kwenye paji la uso na kifuani, kwa kipimo kilekile. Akaweka sikio kwenye mbavu za Kabange, akasikiliza muda mrefu. Kisha akamtoa Ephraïm nje, nyuma ya nyumba.

"Ile si ya dawa," alisema kwa sauti ya chini. "Ni jini, na amekaa ku ile meza kabla Josias hajaileta. Utaenda kesho. Kila kitu ulishinda, ukusanye, urudishe pale. Ata sindano usibakishe."

"Ndiyo, Mama."

"Atakupa dadu yako. Atakuambia utupe mara moja tu, umupate mutoto muzima, na sentimita yake yote. Usitupe. Weka chini, inuka, toka."

"Na kama nikitupa, nishinde?"

Mama Domitille alimtazama kwa huruma, na huruma ile ilimchoma kuliko tusi.

"Sikia vile unauliza," alisema. "Papa, maji ikimwagika haizoleki. Yenye imeenda, imeenda. Utamuchukua mutoto vile iko leo, mudogo, muzima. Ukitupa ukose, sheria unaijua: yenye mumoja amepata, mwenzake anapata. Atabeba na Mbuyu."

Alhamisi saa sita aliingia kazino na kifurushi kichwani kama mwanamke anayetoka sokoni. Wachezaji wakacheka. Aliweka mezani noti zote, simu mpya, vitambaa viwili vya bazee alivyonunua kwa ushindi wake, na Josias akafikiri anataka kucheza mchezo mkubwa, akawasogeza wengine. Taa ikapepesa ikatulia. Yule bwana alikuwa mahali pake, na Ephraïm alipomtazama alitafuta tena mshono, kwa mazoea, akaona kwamba usoni pia, penye mdomo, hapakuwa na mkunjo hata mmoja, ngozi imenyooka kama koti.

"Umechelewa kidogo," alisema bwana. "Amebaki hamsini na tatu."

Akatoa dadu ndani ya koti, akaiweka mbele ya Ephraïm, kando ya ile nyingine.

"Mara moja tu. Zikifanana, anarudi mrefu kama dada yake, na hutaniona tena. Wewe ni baba. Utamwacha hivyo, awe mdogo maisha yake yote, kwa kuogopa kurusha mara moja?"

Ephraïm alikuwa amekuja na maneno ya Mama Domitille kichwani, amekariri kama katekisimu, lakini mkono wake wa kuume ulikwenda wenyewe ukaziokota zile dadu, na zilikuwa na joto, zote mbili, joto la viganja vya watoto, na moja kati yao ilikuwa inapiga, polepole, kama moyo wa kifaranga, na watu wote walikuwa wakimsubiri, na harufu ya kitambaa kinachoungua ilijaa chumba chote lakini hakuna mwingine aliyeisikia, na akawaza kwamba ameshinda mara kumi na moja mfululizo, kwamba hawezi kukosa leo, leo kati ya siku zote, kwamba baba mwingine asingeondoka na nusu ya mtoto wakati mzima yuko kiganjani, akafikiri juu ya Kabange miaka kumi ijayo akiulizwa barabarani kwa nini ni mdogo hivi, akafikiri juu ya jibu atakalompa, na ngumi yake ikainuka, ikaanza kutikisika, kra, kra, naye akafungua mdomo aite majina.

Jina la kwanza lilikuwa Mbuyu. Lilimfika ulimini, na akaona uso wa Mbuyu aliyelala pale chumbani bila kujua kitu, Mbuyu ambaye hakuna aliyemchukua bado.

Akafunga mdomo. Akashusha mkono. Ilimbidi afungue vidole vyake kwa mkono wa kushoto, kimoja kimoja, na kila kidole kilikataa. Dadu zikalala mezani bila kurushwa.

"Nimetoka," alisema.

"Bado zamu yako," alisema bwana.

"Ni yangu, njo maana naiacha."

Aliinuka. Josias alimshika shati, wengine wakamzomea: papa wa mapasa, umekuwa mwanamke? Alijinasua. Kutoka mezani mpaka kwenye pazia ni hatua sita, na anasema hatua hizo zilikuwa ndefu kuliko njia ya kwenda Kongolo kwa miguu, maana nyuma yake alisikia sauti ya mtoto inayomwita Papa, Papa, na ilikuwa sauti ya Kabange yenyewe, si ya kuigiza. Hakugeuka. Alipofika juani alitapika ukutani, halafu akakimbia.

Nyumbani alimkuta Kabange ameketi uani anakula ugali na ndakala, wale dagaa wa ziwani. Mbavu zake zilikuwa kimya. Mama Domitille alikisikiliza kifua hicho mara tatu, akapiga vigelegele, akaanza kuimba nyimbo za mapasa, zile zenye maneno ya matusi ambayo siku nyingine angeyaungamia, na wanawake wa jirani wakaja wakaitikia. Générose alicheza huku analia. Alimpima mtoto kwa mkono wake mwenyewe, hakumpa Ephraïm ule utepe: hamsini na tatu. Kesho yake hamsini na tatu. Juma lililofuata, hamsini na tatu.

Ephraïm alirudi sokoni kwake. Hakupita tena karibu na bandari. Akitaka kwenda upande huo alizunguka njia ndefu ya relini. Alikwenda kuungama, padri akamsamehe. Générose naye alimsamehe kwa kiasi chake, alimpakulia chakula, alimwita Papa Mapasa mbele ya watu.

Jumapili moja mchana, baada ya misa, alikuwa ameketi barazani peke yake. Kabange akaja akapanda magotini kwake. Alikuwa mwepesi kama mtoto wa miaka sita. Akamshika sikio, akasogeza mdomo.

"Papa, siku ile nilikuwa mu mukono yako."

Ephraïm alimshika asiteleze.

"Nilikuwa nasikia roho yako inapiga," alisema Kabange. "Mbuyu alikuwa karibu yangu. Tulikuwa tunaenda kuanguka sita na sita. Nilikuwa nimeisha kugeuka tayari. Sababu gani haukututupa?"

Alikuwa anauliza tu, hakuwa na hasira, alitaka kujua kama watoto wanavyotaka kujua. Huenda lilikuwa neno la mtoto, huenda lilikuwa neno la yule wa koti limebaki ndani ya mtoto. Ephraïm hajui mpaka leo, na hakumwuliza Mama Domitille. Alimkumbatia binti yake kwa nguvu asiuone uso wake. Maana kuna jambo ambalo hakulipeleka kwa padri wala kwa Générose: aliposikia lile neno, sita na sita, kabla ya kumwonea mtoto huruma, kabla ya kuogopa, macho yake yalikwenda mlangoni kutafuta viatu vyake viko wapi.